Tutengenezeeni meza, sheria tunazo wenyewe

Mhariri, naomba nafasi niongee na vijana wetu wanaotengeneza magemu ya simu, maana naona wengi wanakimbilia mchezo mmoja mmoja, karata apu yake, drafti apu yake, bao apu yake, na kila apu inakuja na sheria zake ambazo huwezi kubishana nazo.

Sasa anayecheza karata anajua haiko hivyo. Lasti kadi ya mtaa huu na ya mtaa wa pili hazifanani, huku mbili juu ya mbili unamlambisha mwenzio nne, kule hawataki kabisa. Hata bao, mashimo 32 na kete 64 ni zilezile lakini la kujifunza unaanza na kete mbilimbili kila shimo, la kiswahili lenyewe lina nyumba, yani shimo maalumu, na kunamua, yani kuingiza ubaoni kete za mkononi, kete 22 unaanza nazo mkononi. Nani akae aziandikie programu zote hizo? Tutengenezeeni apu moja iwe meza tu, yenye karata na kete, isiyotusimamia sheria. Wapo walioanza zamani.

VASSAL, programu ya kompyuta ya kuchezea magemu ya mezani, ilianza miaka ya 1990 kwa gemu moja tu la vita, Advanced Squad Leader, baadae ikafunguliwa ikabeba magemu kibao, na ni ya bure. Tabletop Simulator ya 2015 nayo inakupa meza na vitu vyake, unashika unasogeza, ukitaka unaipindua meza nzima, haikwambii umekosea. Ila hiyo inanunuliwa na inataka kompyuta yenye nguvu, sisi wengi tuna simu.

Kwenye apu hiyo ukali uwekwe sehemu mbili tu. Kwanza siri: karata zangu zisifike kabisa kwenye simu ya mwenzangu mpaka nizitupe mezani, sio zitumwe afu zifunikwe na picha ya mgongo, mjanja atazichungulia tu. Pili kuchanganya karata, kufanyike kwenye seva, yani kompyuta ya kati inayotuunganisha wachezaji, kwa njia ya Fisher-Yates, yani unaanza na karata ya mwisho, unaibadilishana nafasi na moja iliyookotwa kwa bahati kati yake na zote zilizo kabla yake, unashuka hivyohivyo mpaka ya kwanza, mistari michache tu kwa programa.

Mengine yote tuachieni. Kila tendo liandikwe pembeni, nani kalamba, nani kafunua rundo, nani karudisha kete, na kuwe na kitufe cha kurudi nyuma, hapo mwizi tutamkamata wenyewe kama tunavyomkamata kibarazani. Na wawili wakishika karata moja kwa pamoja, seva impe aliyewahi.

Halafu bando jamani. Msitume picha kila mtu akicheza, tumeni neno tu kwamba karata ya 17 imetoka mkononi imeenda mezani, simu yenyewe ichore. Na ifunguke kwenye brauza, ndugu yangu aliye Muscat nimtumie linki tu aingie tugawe.

Mpenda karata,
Tanga