Linta siyo bimu: soma hapa kabla hujapandisha ghorofa

Wateja wengi wa Dar wanatuuliza hivi: "Nyumba yangu ya chini ni imara, nilizungusha linta yenye nondo kuta zote. Naweza kupandisha ghorofa moja?" Mara nyingi tunawajibu hapana, si kwa nyumba ilivyo sasa. Linta ni mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha; bimu ni boriti ya zege inayobeba sakafu ya juu.

Tuanze na uzito. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, yenye unene wa sentimita 15 ina kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinabebeshwa karibu tani 6, na hapo hujapandisha kuta wala kuweka vigae. Slabu inaushusha mzigo huo kwenye bimu, bimu kwenye nguzo, nguzo kwenye msingi, msingi ardhini.

Linta haimo kwenye mnyororo huo. Inabeba kozi (mistari ya tofali) zilizo juu ya mlango au dirisha, na ikizungushwa nyumba nzima inashikanisha kuta, basi. Bimu ni habari nyingine. Zege likikandamizwa ni gumu kweli, likivutwa linapasuka upesi. Bimu inapobeba slabu, sehemu yake ya chini, pale katikati, ndiyo inayovutika. Ndiyo maana nondo nene hulazwa chini, na ringi (vyuma vinavyozungushia nondo) husogezwa karibu karibu kuelekea kwenye nguzo. Linta ya nondo nyembamba haikupangiwa kazi hiyo, hata kama fundi aliimwaga vizuri na kuimwagilia maji wiki nzima. Nguzo za barazani nazo, nyingi ni za kushika paa tu.

Msingi ndio unaokwamisha wengi, maana umefukiwa na kila mtu anausifia wa kwake. Msingi wa tofali unaofuata kuta si sawa na besi ya zege yenye nondo chini ya kila nguzo.

Tukija kukagua, tunachimba pembeni ya msingi tuone kina na upana wake, tunatafuta nondo kwa kifaa bila kubomoa, kisha mhandisi aliyesajiliwa na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) anapiga hesabu. Wakati mwingine anashauri nguzo mpya zenye besi zake, zisimame bila kutegemea kuta za zamani. Ni gharama, hatufichi. Kibali cha halmashauri nacho lazima kipatikane kabla ya kazi kuanza.

Ukitupigia, andaa ramani ya nyumba na picha zozote ulizopiga wakati wa kumwaga msingi. Picha hizo zinaweza kutupunguzia kuchimba.