Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mpango wa zahanati na msimu wa korosho

Ndugu wanachama, wazee wangu, mama zangu na vijana, habari za msimu. Naomba muisome yote, sehemu kubwa nimeiweka kwenye ishu moja tu, mpango wa zahanati.

Ada zimeingia vizuri baada ya malipo ya mnada wa korosho, kina mama ndo wameongoza, nawashukuru sana. Mahesabu mhazini atayasoma mwenyewe.

Sasa zahanati. Wengi bado tunadhani hela yake inapangwa Dodoma au halmashauri, sisi kazi yetu kusubiri tu, sio hivyo jamani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na mpango unaanzia hapa hapa kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, na kamati ya usimamizi ambayo sisi wananchi tuna wawakilishi wetu ndani, halafu ndo unaenda halmashauri kuingia kwenye mpango kabambe, yaani mpango wa afya wa halmashauri nzima, na bajeti inaanza tarehe 1 Julai. Kitu kikikosa kuandikwa humo, kukinunua baadae ni shughuli, mpaka vibali.

Na hapa ndo tunapoumia watu wa Mtwara. Maandalizi ya hiyo mipango yanaangukia miezi ya mwisho wa mwaka, na sisi Oktoba mpaka Desemba tuko shambani tunaokota korosho, nyumba zimefungwa, mkutano wa kijiji unaitwa akidi haitimii, basi wanapanga waliobaki. Ndo maana safari hii tuliwafuata watu ghalani kwenye chama cha msingi cha ushirika wakati wa kupima korosho, maana pale kila kaya inafika, tukawauliza nini kinawatesa. Kina mama walisema wazi, chumba cha kujifungulia usiku ni giza, maji hakuna, mtu anaambiwa aje na ndoo yake. Kwa kweli iliniuma sana. Tumepeleka, kamati imekubali, tenki la kuvunia maji ya mvua na betri za sola vimo kwenye mpango.

Wazee walilia na dawa za presha. Hili lina kazi. Zahanati inaagiza Bohari ya Dawa kwanza, ikikosekana huko ndo inanunua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, na oda inatoka kwenye rekodi za matumizi na za siku dawa ilizokosekana. Sasa mzee akisikia tu mlangoni dawa hakuna akageuza zake kimya kimya, kwenye rekodi hayupo kabisa, yani shida yake haihesabiki. Wazee wangu ingieni, muonwe, muandikwe, hata kama siku hiyo mtatoka mikono mitupu.

Gari la wagonjwa halijapita, tutaliomba tena maana kumfikisha mama mwenye uchungu Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, usiku ni mtihani. Kwa sasa kila nyumba iijue namba 115 ya m-mama, kupiga ni bure, ni usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga.

Kikao cha maoni ya mpango ujao napendekeza tukifanye Septemba kabla hatujaingia shambani, kila kitongoji kilete watu wawili, mmoja awe mama anayenyonyesha au mjamzito, na majina yamfikie katibu mapema.