Babu yangu Mtaliano hakupanga foleni yoyote

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Kuna msomaji aliandika akiwasema ndugu zetu wanaohangaika kuingia Marekani, eti wangeiga Wazungu wa zamani, wale walienda kwa utaratibu, wakapanga foleni, wakajifunza Kiingereza chapchap na hawakumsumbua mtu. Mimi babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa hao Wazungu wa zamani, Mtaliano wa Carrara, na miaka yake ya mwisho nimekaa naye nyumba moja. Baba yangu alikuja Tanganyika 1961 na lile kundi la kwanza la Peace Corps, wale Wamarekani wa kujitolea, wapima ardhi na mainjinia wa barabara, ndo akampata mama, mimi nikapelekwa kwa babu nikiwa msichana wa sekondari. Kwahiyo naomba nimsemee mzee maana yeye hayupo tena.

Kwanza hiyo foleni haikuwepo. Babu alipanda meli Genoa mwaka 1913, kijana wa miaka 18, daraja la chini kabisa, na viza hakuwa nayo kwasababu viza yenyewe ilikuwa haitakiwi. Wakashushwa Ellis Island pale New York, daktari anakuangalia ukipanda ngazi kama unahema, anakugeuza kope kutafuta trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza (mwenye kasoro anachorwa alama ya chaki kwenye koti), halafu unaulizwa unajua kazi gani na una hela kiasi gani, basi, masaa machache tu ushaingia. Waliorudishwa walikuwa kama wawili katika kila mia. Mwaka ule peke yake waliingia Wataliano zaidi ya 200,000! Sheria ngumu ilikuja 1924 na ilitungwa makusudi kuwapunguza watu kama yeye, Italia nzima ikapewa nafasi 3,845 kwa mwaka. Mdogo wake aliyekuwa anasubiri atumiwe nauli akabaki hukohuko Carrara na hawakuonana tena mpaka kufa. Sasa mtu akiniambia babu yako alifuata sheria namjibu ndio alifuata, ilikuwa haijatungwa.

Alienda moja kwa moja Barre, mji mdogo wa Vermont, maana watu wa kwao walishatangulia kibao. Carrara ni kwenye marumaru, mtoto anakua anaona mlima unakatwa, Barre wana graniti na kazi kubwa ilikuwa mawe ya makaburi. Na hao wachonga mawe sio watu wa kutosumbua hata kidogo, walikuwa masoshalisti na maanakisti (wale wasiotaka serikali yoyote), wana ukumbi wao waliojenga kwa mikono yao 1900, na mwaka mmoja kabla babu hajafika walipokea watoto 35 wa wafanyakazi waliogoma kwenye viwanda vya nguo vya Lawrence kule Massachusetts wakawalea majumbani mwao mpaka mgomo uishe.

Ila balaa la graniti ni vumbi. Ile graniti ina madini yanaitwa silika ndani yake, na zilipokuja patasi za kuendeshwa na upepo wa mashine vumbi likawa laini halionekani hata kwa macho, sasa baridi ya Vermont ikiingia mabanda ya kuchongea mawe yanafungwa milango na madirisha, mtu anavuta hewa hiyohiyo kutwa nzima miaka na miaka. Mapafu yanakakamaa, halafu kifua kikuu kinakuja kumalizia. Walikuwa wanakufa bado wana nguvu zao. Bibi yangu alipokutana na babu alikuwa tayari mjane mwenye mtoto, mume wake wa kwanza mchonga mawe, kafa kwa kifua, na wajane wa hivyo walijaa Barre, wakawa wanaishi kwa kupangisha vyumba na kuuza divai na grappa, pombe kali ya Kitaliano ya zabibu, jikoni kwa kificho, si unajua miaka ile pombe ilikuwa marufuku Marekani nzima. Babu alikuwa mteja. Mteja mzuri tu. Alipotaka kuoa bibi akamwambia sizikishwi mume mara mbili, ukinitaka acha mawe. Akaacha kweli akawa fundi viatu, na nadhani ndo maana mimi nilimkuta hai. Mashine za kunyonya vumbi zilikuja kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenzake wengi washaenda.

Kiingereza alijua cha soli na kisigino, zaidi ya hapo anamwita bibi. Na uraia alikuwa hajauomba, nafikiri ni uzembe tu, ikaja kumtokea puani Desemba 1941 Italia na Marekani zilipoingia vitani. Akahesabiwa adui, yeye na Wataliano wenzake karibu 600,000, wapigwe picha, wachukuliwe alama za vidole, watembee na kitambulisho, kamera na redio za masafa mafupi wasalimishe. Na wakati huohuo yule mtoto wa bibi aliyemlea mwenyewe yuko kwenye jeshi la Marekani! Walikuja kufutiwa uadui Oktoba 1942, ndo akakimbilia kuomba uraia. Haya alinisimulia bibi, babu ukimuuliza anawasha kiko.

Sisemi mzee alikuwa malaika. Mgomo wa wachonga mawe wa 1922 wenye mabanda walileta Wafaransa wa Quebec, kule Kanada, kuja kuvunja mgomo, na babu aliwachukia Wafaransa wote tangu siku hiyo, anaongea juu yao manenomaneno yaleyale aliyokuwa akiambiwa yeye, hawa wanakubali mshahara wowote, hawa wanazaa ovyo, hawa hawatakuja kuwa Wamarekani kamwe. Kisha shangazi yangu akaolewa na nani, Mfaransa wa Quebec, babake alikuwa mmoja wa waliovunja mgomo. Harusini babu aligoma kwenda. Baadae viatu vya huyo mkwe alivishona bure miaka yote, na hakuwahi kumtaja jina hata siku moja, ilikuwa ni "mwambie yule Mfaransa viatu vyake tayari".

Msomaji wenu, Vermont