Barua ya wazi kwa Msajili wa Masomo: sifuri nne za mwaka 2012

Bwana Msajili,

Salaam kwa heshima. Sikutaka barua hii isomwe na watu. Tangu Februari nimekuletea barua tatu za Kiingereza, kuomba nirudi chuoni kwenu nilikoondolewa, zote zikapokelewa na kugongwa muhuri, hakuna hata moja iliyojibiwa. Sasa naandika kwa Kiswahili, lugha niliyolelewa nayo katika kambi ya jeshi ya Bombo, ambayo Katiba ya Uganda inaitambua kama lugha rasmi ya pili.

Jumatatu iliyopita nilipanga foleni dirishani kwenu tangu saa mbili asubuhi. Ilipokaribia saa saba, karani alifungua faili langu akazisoma alama zangu kwa sauti, mbele ya vijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho. Kisha akauliza: "Na wewe mzee, kweli utaweza?" Sauti haikunitoka. Namjibu hapa.

Alama zile ni zangu, sizikani. Masomo mawili nilifeli kwa kutosoma. Yale mengine manne sikuyafanyia mtihani kabisa. Baba alikuwa amefariki, usiku naendesha bodaboda kati ya Bombo na Wobulenzi, ada haikutimia, na asiyemaliza ada haingii chumba cha mtihani. Kwenye karatasi yenu, aliyekosa ada na aliyekosa jibu wote wameandikiwa sifuri.

Mwaka uliofuata nikaingia jeshini. Mafunzo Kabamba, baadaye Singo, kisha Somalia, mara mbili. Bwana Msajili, somo mojawapo lililonishinda kwenu ni uhasibu. Kule Shabelle ya Chini nilikabidhiwa leja ya mafuta na chakula cha kombania nzima. Barabara ikitegwa mabomu, msafara wa ugavi hukwama siku nyingi, na mwenye leja akikosea lita mia moja tu, jenereta inazimika na pampu ya maji nayo inasimama. Kila usiku nilifunga hesabu kwa mwanga wa tochi kabla ya kulala. Nilipokabidhi stoo, haikupungua lita wala kilo. Afande wangu aliandika hayo yote na kutia saini. Barua yake ni ukurasa wa mwisho wa faili langu. Naomba uufikie ukurasa huo.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa hadhara, ulisema wewe mwenyewe kwamba waliovaa sare warudi chuoni, mtawasikiliza. Nilikuwepo. Nilikuja na kiinua mgongo changu nikiwa sijakigusa. Sasa kinaliwa na nauli na kodi ya chumba.

Niliambiwa nifanye mtihani wa kuingilia wa watu wazima, wale wa miaka 25 na zaidi. Nikalipia. Baadaye nikaambiwa hauwahusu waliowahi kuondolewa chuoni, na pesa sijarudishiwa. Nikaambiwa nikate rufaa, kisha nikaambiwa rufaa ilitakiwa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ule nilikuwa Kabamba, kuruta asiye na simu! Huenda kompyuta ndiyo inayoikataa namba yangu ya zamani. Huenda karani anaogopa kuamua bila wewe. Sijui nani ananizuia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kila mlango nilioubisha nimeelekezwa mlango mwingine.

Siombi alama zifutwe. Siombi ufadhili, wala kupewa nafasi ya mtu. Naomba muhula mmoja wa majaribio, kwa ada yangu mwenyewe, niyarudie masomo yale sita. Nikianguka, niondoeni na sitarudi.

Kama muhula ni mkubwa mno, niiteni mbele ya kamati nijieleze kwa dakika kumi. Na kama hata dakika kumi hazipatikani, basi niandikie "hapana" kwenye karatasi, kwa saini yako, nijue aliyekataa ni nani.

Masomo yanaanza Agosti. Jumatatu nitakuwa dirishani, saa mbili asubuhi.

Wako mtiifu,
Koplo mstaafu, Bombo