Wito wa Harambee: Tujaze Ghala Kabla ya Mvua ya Masika

Wapendwa waumini, majirani na marafiki wa kanisa letu hapa Kisumu,

Tunawaalika kwenye harambee Jumapili ya mwisho ya Novemba, mara tu baada ya ibada ya pili. Tunataka kujaza ghala la huduma ya jamii sasa, mahindi yakiwa mengi na barabara zikiwa zinapitika, ili Machi ikifika tuwe na cha kupeleka kwa familia zitakazokumbwa na mafuriko.

Aliyewahi kuishi upande wa Ahero anajua mambo yanavyokwenda. Mvua hunyesha milimani Nandi na Kericho, mto Nyando hufurika, na maji huingia uwanda wa Kano hata siku ambayo Kano kwenyewe hakujadondoka tone. Ilikuwa hivyo 2020, ikawa hivyo tena 2024. Familia huhamia madarasani na makanisani na kile walichoweza kubeba kichwani. Hapo ndipo simu huanza kupigwa na bahasha kupitishwa, na watu hutoa kwa moyo mkunjufu. Lakini kufikia Mei gorogoro ya mahindi, yaani kopo la kilo mbili, huwa imeshapanda bei, maana mavuno ya Kitale yanaelekea kwisha na yetu ya Agosti bado yako shambani. Lori nalo hunasa kwenye udongo mweusi. Shilingi ile ile, iliyotolewa kwa upendo ule ule, hulisha watu wachache zaidi, tena kwa kuchelewa. Jambo hili linatuuma, na dawa yake tunayo mikononi.

Hesabu yetu ni hii. Gunia la kilo 90 hutoa gorogoro 45 za kilo mbili mbili. Familia ya watu sita tunaikadiria gorogoro moja kwa siku. Tumekusudia kununua magunia 40, yaani gorogoro 1,800, zitakazotosha familia 60 kwa siku 30. Ukitoa gunia moja, umelisha familia sita kwa wiki nzima na kubaki na kidogo. Tutaongeza maharagwe, ila si mengi, kwa sababu yakikaa sana huwa magumu na hula kuni nyingi jikoni, na kambini kuni ni shida.

Wengine wameuliza kama chakula hakitaharibika. Swali hili ni la haki na lazima lijibiwe vizuri. Tunaweka mahindi, si unga. Unga haukai, kwa hiyo tutasaga posho mili siku chache kabla ya kugawa. Hakuna gunia litakaloingia ghalani kabla ya kupimwa: unyevu usizidi asilimia 13.5. Hata kabla ya kifaa cha kupimia kufika, mama yeyote anaweza kutia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu na kuitikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Hatutalegeza hapo. Mwaka 2004, watu 125 walifariki, hasa Ukambani, baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, na ukungu unaoleta sumu hiyo hupenda unyevu. Yakishakauka, mahindi yataingia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu kama fukusi na dumuzi hufa kwa kukosa pumzi, bila dawa yoyote. Magunia yatakaa juu ya mbao, mbali na ukuta, na yaliyotangulia kuingia ndiyo yatakayotangulia kutoka.

Chakula peke yake hakitoshi. Tunahitaji mablanketi, vyandarua, sabuni, na dawa ya kutibu maji ambayo muda wake haujakaribia kwisha. Tunaomba sodo pia, na tunaomba bila haya. Msichana anayelala darasani na watu asiowajua asilazimike kuomba kitambaa.

Mchango unaweza kuletwa kwa pesa taslimu, kwa M-Pesa kupitia namba iliyobandikwa mlangoni mwa kanisa, au kwa vitu vyenyewe. Asiye na uwezo wa kutoa mara moja aweke ahadi na kuilipa kidogo kidogo hadi mwisho wa Januari. Mweka hazina atatoa risiti kwa kila senti, na orodha ya vitu vilivyoingia na kutoka itawekwa kwenye ubao wa matangazo kila mwezi, asome yeyote anayetaka.

Kuna kazi ya mikono pia. Vijana, tunawahitaji Jumamosi itakayotangulia harambee kuziba paa la ghala na kupigilia mbao. Kina mama wanaojua kuchagua nafaka, tafadhali mwoneni mwenyekiti wa kamati. Na kama una pikapu au lori linalokwenda Kitale na kurudi tupu mwezi Desemba, zungumza nasi mapema. Nauli ni sehemu kubwa ya gharama, na safari moja ya bure ni magunia kadhaa zaidi.

Karibuni nyote, na Mungu awabariki.

Kamati ya Huduma ya Jamii