Wazee wapewe afya, si ujana

Kwa Mhariri,

Habari za kumrudishia mzee ujana wake si hadithi za kale tena. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba seli za panya zilizokwisha kukomaa zinaweza kurejeshwa katika hali changa, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Vijana wengi hapa Kakamega, magharibi mwa Kenya, huamini kwamba tiba ya namna hiyo ikipatikana, hakuna mzee atakayeikataa. Mimi ni mzee, na ningeikataa.

Ujana huo ningeupeleka wapi? Kijana wa leo ana nguvu na vyeti, lakini hushinda kwenye kituo cha bodaboda akingoja abiria. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60 ili mwingine aajiriwe. Akirudishiwa nguvu za miaka 25, ama atamnyima mjukuu wake nafasi, ama watapanga foleni pamoja.

Zaidi ya hayo, kuna heshima ambayo umri peke yake ndio huileta. Ndugu wakigombania mpaka wa shamba, chifu huwaita wazee walioshuhudia ardhi ikigawanywa. Nimemwona bibi wa zaidi ya miaka 80 akishikwa mkono hadi mpakani, akapapasa shina la mti, akamtaja aliyeupanda na msimu wa mvua uliopandwa, na ugomvi ukaisha bila wakili. Walimwamini kwa sababu wanajua ameyaishi anayoyasema. Isitoshe, wenzangu niliokua nao wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na hakuna tiba ya seli itakayowarudisha. Ningekuwa kijana mpweke katikati ya vijana wasionijua.

Sisemi kwamba uzee ni raha. Magoti huuma na mtoto wa jicho huziba macho. Lakini bibi yule hatamani usichana. Anachotamani ni kuona vizuri achambue mboga zake mwenyewe, na kufika kanisani bila kuegemea mtu. Hayo yanawezekana leo: upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao huondoa lenzi iliyofifia na kuweka ya bandia, kwa kawaida huchukua chini ya saa moja.

Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, hakuhitaji mwili wa mtoto. Alihitaji kufunguliwa mlango, na elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza mwaka 2003, ndiyo iliyomfungulia.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia yake na Serikali. Sh2,000 za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kusaidia wasiojiweza, kila mwezi kwa waliofikisha miaka 70 ni msaada, ila hazitoshi nauli ya hospitali na dawa za presha kwa pamoja. Naziomba serikali za kaunti za Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia, ambazo ndizo zinazosimamia zahanati zetu, zipeleke wahudumu wa macho na wa viungo vijijini angalau kila baada ya miezi mitatu, na ratiba itangazwe mapema barazani, makanisani na misikitini.

Mwalimu mstaafu,
Kakamega