Asante mzee wa fotokopi pale Mwembe Tayari, Mombasa

Jina lako sikuuliza mzee wangu, lakini wacha watu wajue. Binti yangu amechora katuni za utoto wake Kibokoni, bibi yake akichoma mahamri, watoto wakiogelea karibu na Fort Jesus, sasa duka la kwanza alikopeleka fotokopi likamkatia maneno pembeni akarudi nyumbani analia. Wewe ukaskani upya kila ukurasa, ukamwonyesha aache nafasi pembeni, ukamweleza kijitabu cha kupigwa stepo katikati kurasa zake lazima zigawike kwa 4, na pesa ukakataa. Halafu babake, anayetaka mtoto asomee klearingi tu, ile kazi ya kutoa mizigo bandarini, ukamkalisha kwa benchi ukampa asome mwenyewe mpaka mwisho. Juzi kamnunulia wino! Wenye mashine mitaani, mtoto akija na michoro mpeni muda jamani. Mzee, nakala yako naileta.